Albamu Tuliyoirekodi Mara Mbili

Vijana wa studio ya Donholm wameniomba niandike kuhusu kazi kabla sijaanza kusahau. Walitaka pia picha ya zamani nikiwa nimevaa hedifoni. Picha hiyo haipo, kwa hiyo itabidi wasome. Habari za vyeo nimeziacha, maana katika kazi yetu nilivijua viwili tu: anayebonyeza kitufe, na anayengoja kibonyezwe.

Niliingia katika kazi hii kwa sababu ya maranda. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Ukambani aliyekuja kuishi Shauri Moyo, Nairobi, na kufanyia kazi yake nje ya mlango. Alipofariki, mama akiwa ametangulia mwaka mmoja kabla, mimi nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu walikuwa wadogo watatu. Wa mwisho alikuwa Kioko. Niliacha shule. Watu hupenda kuniuliza kama niliumia sana kuamua hivyo, lakini sikumbuki kuamua. Mtu wa kuamka kwanza alihitajika, na mimi tayari nilikuwa macho.

Baba aliacha magunia ya maranda yaliyotoka kwenye mbao zake. Mzee Oloo, aliyekuwa na duka la kaseti karibu na kwetu, alikuja kuyaomba. Alikuwa akitengeneza chumba cha kurekodia nyuma ya duka, na alitaka kujaza kuta ili sauti ya nje isiingie na ya ndani isitoke. Niliyapeleka mwenyewe. Nikamsaidia kuyashindilia kati ya mbao mpaka darini. Tulipomaliza aliniuliza kama najua kufagia. Nilifagia chumba kile mpaka siku alipogundua kwamba nikifagia husimama pale pale kila sauti inapokuwa mbaya, na akaanza kuniuliza ubaya uko wapi.

Mzee Oloo alikuwa amestaafu reli, alikoshughulikia nyaya za ishara. Alinifundisha kwamba waya haukunjwi kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, kwa sababu unajikumbuka ulivyokunjwa na siku moja utakatika ndani bila kukuambia. Alinifundisha kusafisha kichwa cha mashine ya rili, zile tepu kubwa za kurekodia, kwa pamba na spiriti kila asubuhi hata kama hakuna mteja. Na alinifundisha kukisikiliza chumba kabla ya kumsikiliza mtu. Hilo lilikuwa la lazima kwetu. Upande wa Gikomba mafundi walikuwa wakigonga masanduku ya bati kutwa nzima, na maranda yana mipaka yake. Tulirekodi wakati wakila. Baada ya muda nilijua kwa sikio ni nyundo gani inakaribia kumaliza sanduku, na nilimwinulia mwimbaji mkono kabla kimya hakijafika. Kwaya moja ilidhani nina maono.

Jambo lingine la studio ile, ambalo vijana wa leo hawaliamini, ni kwamba rili hazikuhifadhiwa. Rili mpya ilipatikana kwa shida. Kazi ikishahamishiwa kwenye kaseti ya kunakilia, rili ile ile ilirudi mashinani kumngoja mteja mwingine. Kila aliyerekodi kwetu aliambiwa hivyo mlangoni na akakubali. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku mtu atazitaka.

Hiyo ndiyo studio alikokuja Kioko miaka ya tisini akiwa na bendi yake. Iliitwa Mfereji, kwa sababu vijana wote wanne walikua wakipanga foleni kwenye mfereji mmoja wa maji.

Muziki wao ulitoka kwenye mfuko wa koti. Rafiki yake Kioko alikuwa akiuza makoti ya mitumba Gikomba, na ndani ya koti moja alikuta kaseti isiyo na jina wala picha. Wazungu fulani walikuwa wakiimba kwa kupiga kelele, gita likikata katikati ya mapigo kama ya Jamaika, na nyuma yao tarumbeta. Kioko aliisikiliza kwenye redio yetu ya nyumbani mpaka majirani wakaijua kwa moyo. Leo najua huitwa ska panki. Wakati ule sisi tuliuita muziki wa koti.

Sasa, redio yetu ilikuwa imebadilishwa mota na fundi wa Gikomba, na tangu hapo ilikimbia. Hatukutambua, kwa sababu hatukuwa na nyingine ya kulinganishia. Mfereji walijifunza muziki huo ukiwa na kasi isiyo yake na juu kuliko ulivyoimbwa, na wakatunga nyimbo zao kwa kipimo hicho. Mzee Oloo aliiweka kaseti ile kwenye mashine yake nzuri, ikatoka taratibu na chini. Bendi nzima ilimtazama kwa huruma.

"Mzee, mashine yako ni mgonjwa," Kioko akamwambia.

Mzee Oloo alijibu kwamba basi hata saa yake ya mkononi imeugua, kwa maana zinakubaliana. Haikusaidia. Kioko alikuwa amekwisha kuzoea kuimba kule juu, na sauti yake ilifika. Hakuwa tayari kushuka kwa ajili ya ukweli.

Aliyepata shida na noti za juu ni mpiga trombone. Jina lake Ezekieli Wafula, kijana mpole, mwana wa karani wa halmashauri ya jiji kutoka Bungoma. Alipiga kwenye bendi ya kanisa lao pale Shauri Moyo, ile inayotembea barabarani kila Jumapili. Trombone ilikuwa ya kanisa. Desturi yao ni kwamba Jumamosi kila mpigaji huchukua chombo chake aende kuking'arisha, akirudishe Jumapili asubuhi kikimeta. Kwa hiyo tulirekodi Jumamosi. Wafula alikuja na trombone kwenye gunia, na kopo la dawa ya kung'arishia mfukoni, ili akiulizwa njiani asiwe mwongo.

Shida ya pili ilikuwa kwamba Wafula hakujua kupiga akiwa amesimama tu. Maisha yake yote alikuwa amepiga akitembea. Nilipomwambia asimame mbele ya maikrofoni alipoteza mapigo, na alipopiga hatua papo hapo viatu vyake vilisikika kuliko ngoma. Tulimvua viatu tukamweka juu ya gunia la maranda lililobaki. Alirekodi albamu nzima hivyo, akipiga gwaride bila kwenda popote, midomo ikivimba kwa sababu ya zile noti za juu.

Albamu iliitwa *Zamu ya Nani*. Tulipokuwa tukitengeneza karatasi ya kaseti, Wafula aliomba jina lake lisiandikwe. Bendimasta wa kanisani alikuwa mtu mkali, na trombone ya kanisa haikununuliwa ipigie watu wanaoruka na kukanyagana. Kioko aliandika "Trombone: Rafiki," wakacheka, yakaisha.

Hayakuisha. Albamu ilipigwa kwenye vibanda kuanzia Shauri Moyo mpaka kule Pipeline, na bendimasta aliisikia. Siku ya mazoezi aliuliza mbele ya wote ni nani anayeijua trombone ile, kwa sababu yeye alidhani anaijua. Wafula alinyamaza. Hakufukuzwa wala hakushtakiwa. Lakini baada ya siku ile hakuweza tena kumtazama bendimasta akiwa ameshika chombo, na wiki chache baadaye alikirudisha stoo akasema kazi imemzidi. Aliendelea kwenda ibadani na kukaa viti vya nyuma. Alijinunulia trombone ya mitumba, na kwa miaka mingi aliipigia kando ya reli, ambako garimoshi halilalamiki.

Bendi ilivunjika kama bendi zinavyovunjika, kwa ndoa na kwa ajira. Mzee Oloo alifariki. Studio ikawa duka la simu. Mimi nilihamia studio nyingine, kisha nyingine, rili zikaondoka, kompyuta zikaja, na nikajifunza upya nikiwa na umri wa kuitwa Mathe, yaani mama, na wanaonifundisha. Sikuona ubaya. Waya ulikuwa bado unakunjwa vile vile.

Wakati huo wote *Zamu ya Nani* ilizidi kusikilizwa. Watoto wa wale waliokuwa wakiruka waliipata kwenye simu, imenakiliwa kutoka kaseti zilizochoka, ikitoa sauti kama ya vitunguu vinavyokaangwa. Watu walianza kumtafuta Rafiki. Mimi mwenyewe nimekutana na wanaume wawili, mmoja Pipeline na mwingine kwenye mazishi, walioniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba Rafiki ni yeye. Nilimsimulia Wafula nikidhani atacheka. Aliniambia kwamba hata kijana wake mwenyewe, akiambiwa Rafiki ni baba yake, humwambia aache hadithi.

Kioko alipoamua kuirekodi upya, sababu ilikuwa rahisi: rili haikuwepo, na kaseti zilikuwa zikifa. Alitaka nyimbo zile zile, kwa mpangilio ule ule, zisikike vizuri. Alitaka nisimamie mimi, hapa Donholm, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimeshaomba kustaafu. Nilikubali iwe kazi ya mwisho.

Wafula alikuja siku ya kwanza akiwa na suti. Alinisalimu, akaniuliza habari za wadogo zangu mmoja mmoja kwa majina, halafu akasema alilokuja nalo.

"Dada Mwikali, safari hii nataka jina langu liandikwe. Lote."

Nilimwambia litaandikwa. Niliongea kabla hajapiga.

Ugonjwa wa ufizi ulikuwa umemwondolea meno mawili ya mbele, na yale ya bandia hayakai mdomoni kama ya kuzaliwa nayo. Noti za chini zilitoka nzuri, pengine nzuri kuliko zamani. Zile za juu, ambazo ndizo wimbo wenyewe, zilitoka hewa. Alijaribu asubuhi nzima. Alipumzika, akanywa chai, akajaribu tena. Brayo, ambaye mnamjua kwa kuwa sasa ndiye anayeshika funguo, alikuwa kwenye kompyuta na hakusema neno, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa.

Kulikuwa na mpiga trombone mwingine. Kioko alikuwa amemwita Shiro, binti aliyesomea muziki, amsaidie Wafula kwenye nyimbo chache. Shiro aliweza kuzipiga noti zile bila kukunja uso. Mchana Kioko alinivuta pembeni akapendekeza Wafula apige zile za chini, Shiro apige ngumu, na jina liandikwe la Wafula. Nani angejua?

Wafula alikuwa nyuma yetu. Alisema angejua yeye. Jina lake lilikwisha kukaa nje ya kitu alichopiga. Hakutaka sasa liwe juu ya kitu ambacho hakupiga. Kama ni Shiro, basi aandikwe Shiro. Alianza kufungua trombone aitie kwenye mkoba.

Brayo akasema tungeweza kumrekodi chini, halafu kompyuta ipandishe. Tulijaribu. Kilichotoka kilifanana na mbu aliyefungiwa kwenye mkebe. Wafula alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Huyo si mimi," akasema.

Kilichobaki ni kushusha nyimbo zote. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na wote walikuwa wakimtazama Kioko, kwa sababu ni yeye aliyejulikana kwa kuimba juu. Watu waliovaa fulana zake walikuwa wameipenda sauti ile. Akishuka angesikika mzee, na hilo lilikuwa jambo aliloliogopa kuliko alivyokubali kusema.

"Maze siwezi," akaniambia mimi dada yake. "Siz, hii ngoma lazima ikimbie. Ikishuka itakuwa ya matanga."

Nimemlea Kioko. Nimemfulia sare, nimemchapa, nimemkabidhi kwa bibi arusi. Lakini nilikuwa na sharti langu tangu siku alipoingia studio kwa Mzee Oloo: mlango ukifungwa yeye ni mteja. Dada mkubwa angeweza kumwagiza, na angetii, na wimbo ungetoka umenuna. Nilimwambia niliyokuwa nayo kama fundi: kwamba leo narekodi trombone, na yeye kama mteja aniambie nirekodi ya nani.

Alitoka nje kwenye roshani.

Shiro ndiye aliyeanza. Alivuta kiti karibu na Wafula akamwomba amwimbie kwa mdomo jinsi alivyokuwa akiingia kwenye wimbo wa kwanza, kwa sababu kwenye kaseti haisikiki vizuri. Wafula alimwimbia. Shiro akarudia kwa trombone yake, lakini chini, hatua moja. Akamtazama. Wafula akatikisa kichwa. Shiro akashuka tena. Hapo Wafula akachukua chombo chake na kuingia naye, na hewa ikawa noti. Walipiga hivyo mara kadhaa, binti akipiga sauti ya pili na kumwachia mzee ya kwanza. Kisha Wafula akavua viatu, akasimama, akaanza kupiga hatua papo hapo, polepole, kama mtu ambaye magoti yake yana maoni. Safari hii hapakuwa na gunia. Soksi zilitosha.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi. Kupitia kioo cha studio nilimwona Kioko amewapa wao mgongo, lakini kwa upande wangu midomo ilionekana ikienda. Alipapasa sauti kule chini kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya wageni. Mstari wa pili akaupata. Alirudi ndani akasimama mbele ya maikrofoni.

"Shusha," akaniambia. Halafu akamgeukia Wafula. "Wee buda, usiponipa nafasi ya kupumua nitakufa hapa."

"Ulininyima wewe kwanza," Wafula akamjibu. "Midomo yangu haijasahau."

Tuliirekodi albamu yote kwa kipimo hicho. Ni nzito kidogo, na kuna mahali inapumua ambapo ile ya kwanza haikujua kupumua. Sauti ya Kioko ina mchanga ndani yake. Baadhi ya mashabiki waliandika mtandaoni kwamba wazee wamechoka. Wengine walisema sasa ndiyo wanasikia maneno. Sina la kuongeza. Ile ya kwanza ilipigwa na vijana ambao redio yao ilikimbia, na hii imepigwa na watu hao hao baadaye. Fundi hapaswi kuchagua.

Jina liliandikwa: Trombone, Ezekieli Wafula. Chini yake, Shiro.

Siku albamu ilipotoka, kijana wake Wafula alimpigia simu akamwomba radhi, na nilidhani hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Lakini Jumapili iliyofuata Wafula alinipitia nyumbani akaniomba nimsindikize kanisani baada ya ibada. Hakueleza. Bendimasta wa zamani alikwisha kufariki. Aliyepo sasa alikuwa mtoto wa ngoma ndogo enzi zile, na leo ana mvi na sauti ile ile ya kukemea ya yule wa zamani.

Tulimkuta stoo akihesabu vyombo. Wafula alimwamkia, akafungua simu, akaipandisha sauti kiasi, akampa. Wakati nyimbo zikipigwa, yeye alisimama wima, mikono ubavuni. Bendimasta alisikiliza huku akitazama ukuta. Alisoma jina kwenye kioo cha simu, akalisoma tena.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi. Na ile ya zamani ni mimi. Trombone ilikuwa ya hapa."

Nje watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakifukuzana. Nilijua kwamba kama atasema kanisa limemsamehe, Wafula ataondoka akiwa mgeni, na kama atakasirika, vilevile. Bendimasta alirudisha wimbo nyuma kwa kidole, akasikiliza sehemu moja tena, akamrudishia simu.

"Kwenye wimbo wa tatu unaingia kabla ya wakati," akasema. "Siku zote ulikuwa na haraka. Jumatano tutaurekebisha."

Wafula aliiweka simu mfukoni. Aliuliza kama mazoezi bado huanza saa kumi na moja.

"Bado," bendimasta akajibu, na akaendelea kuhesabu.